Dodoma Si Rangi

Mwaka jana niliandika maelezo 40 kuhusu nyoka ambaye sikuwa nimewahi kumwona. Kila maelezo yalikuwa na maneno 80, kwa Kiingereza, na kila moja lilinipa dola mbili ukitoa fungu la mtu wa kati, ambaye hukata chake kwanza kabla ya M-Pesa kulia. Mteja alikuwa ng'ambo, ana duka la mtandaoni la nyoka wa kufugwa nyumbani. Sikuuliza maswali mengi. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu, nikarudi kwa nyanya yangu Chawia, na kazi pekee iliyokubali kunifuata hadi huku juu kwenye ukungu ni ile inayofanywa na mtu mwenye laptopu, bando na njaa.

Nyoka mwenyewe huko sokoni anaitwa boa wa mchanga wa Kenya. Rudia hapo mwisho: wa Kenya. Anapatikana kuanzia Misri, akashuka Sudan, Ethiopia na Somalia, hadi Tanzania, lakini jina lililomganda kwa wafugaji ni letu. Si nyoka wa Chawia. Huku tunalala na blanketi mbili, na nyoka huyu hataki mambo ya blanketi. Anataka tambarare kavu na udongo mwepesi wa kujifukia, abaki kichwa tu nje. Basi anaishi kule chini, ukishateremka Mwatate ukielekea Voi. Nilikuwa nawaeleza watu wa Ohio na Florida kuhusu kiumbe anayeishi umbali wa nauli ya matatu kutoka kitandani kwangu.

Nimekaa na ile katalogi muda mrefu kuliko nilivyokaa na riwaya yoyote mwaka huo. Na kwa sababu nimezoea kuandika uhakiki wa vitabu hapa, naomba leo nihakiki katalogi. Nyie mnaonisoma mnajua nimewahi kuhakiki hadi maandishi ya nyuma ya matatu. Hii haijavuka mpaka.

Kwanza, msamiati. Wafugaji huita kila rangi isiyo ya kawaida kwa neno ambalo kwa Kiswahili tungelitohoa tu tuseme mofu. Niliposoma neno hilo nilicheka peke yangu usiku, manake mofu ndiyo iliyonitoa chuoni. Nilifeli karatasi ya mofolojia, nikaambiwa nirudie, nikakosa karo ya kurudia, hadithi ikaishia hapo. Aliyesoma isimu ya Kiswahili anajua: mofimu ni ile maana iliyo kichwani, mofu ni umbo lake linaloonekana au kusikika. Neno moja la Kigiriki, maana yake umbo, limezaa watoto wawili: mmoja akaenda darasani kwa kina Mdee na Mgullu, mwingine akaenda kuuza nyoka. Mimi wote wawili wamenipitia mikononi, na huyu wa pili angalau amenilipa.

Hizi hapa baadhi ya mofu za nyoka wetu, nikitafsiri majina yao. Kuna albino, asiye na weusi kabisa, anabaki chungwa na nyeupe kama kipande cha papai. Kuna aliyekosa wekundu, anabaki rangi za gazeti la zamani. Kuna Theluji, aliyekosa vyote viwili. Kuna Mstari, ambaye mabaka yake ya mgongoni yamepotea. Kuna Nyuklia, ambaye ni chungwa kali lililopatikana kwa kuchagua, kizazi baada ya kizazi, wale waliokolea zaidi. Kuna Paradoksi, albino anayezaliwa na madoa meusi mahali ambapo kwa sheria zote hapafai kuwa na weusi. Na kuna Dodoma.

Nitarudi kwa Dodoma.

Kinachonivutia katika dunia hii, na sikutarajia kuvutiwa, ni ukali wao katika swali moja: nini kinahesabika? Nyoka akizaliwa na rangi ya ajabu, hawakubali tu ati kwa sababu ni wa ajabu. Watasubiri akue, wamzalishe, wachukue watoto wake ambao pengine wote wameonekana wa kawaida, wawarudishe kwa mzazi au wawapandishe wao kwa wao, wasubiri tena. Rangi ikirudi kwa watoto kwa hesabu inayoeleweka, imethibitika; inapewa jina. Isiporudi, ilikuwa ajali ya yai, au joto wakati wa mimba, au kovu. Mjadala huo unaweza kuchukua miaka, manake nyoka hakomai haraka kwa sababu wewe una haraka.

Hebu linganisha na sisi tunavyohakiki vitabu. Mtu anatoa mkusanyiko wa hadithi fupi 9, na kesho yake asubuhi mimi na wenzangu tumeshatangaza sauti mpya, mtindo mpya, kizazi kipya. Nani alisubiri kuona kama kitu hicho kitarudi hata mara moja kwenye kitabu cha pili cha mwandishi huyohuyo? Nimefanya kosa hilo katika kurasa hizihizi. Sitaji kitabu.

Ukitaka kuelewa kwa nini kigezo cha urithi kina maana, teremka Tsavo. Tembo wa pale ni wekundu. Watalii hupiga picha, kadi za posta zinauzwa, na mgeni anaweza kuapa kwamba hiyo ni aina yake ya tembo. Lakini tembo yule ni wa kijivu kama tembo wengine wote. Wekundu ni udongo anaojirushia. Mvua kubwa ikinyesha, rangi inashuka na maji. Mtoto wake anazaliwa kijivu na anajipaka wekundu mwenyewe, kwa kumwiga mama. Mfugaji wa nyoka angemtazama tembo yule dakika moja na kusema: hiyo si mofu, hayo ni matope. Ingawa mimi, nikiwa mtu wa huku, ningemuuliza: na kama kila tembo wa Tsavo amekuwa mwekundu tangu kabla ya nyanya yangu kuzaliwa, na kila mtoto anajifunza kwa mama yake, hicho tukiite nini? Hana jibu la swali hilo kwa sababu halina soko.

Turudi kwenye majina, maana kazi yangu ni maneno. Theluji ni jina zuri ndani ya mfumo wake. Ili umpate lazima wazazi wote wawili wabebe jeni mbili zinazojificha, na hata hapo, kati ya watoto 16 unatarajia mmoja. Ni jina lenye hesabu ndani yake. Linanikwaza kidogo tu kwa kuwa nyoka wa nyika ameitwa kitu ambacho, kwa hapa, ungelazimika kukitazama kwa mbali, asubuhi isiyo na mawingu, juu ya kichwa cha Kilimanjaro. Nyuklia ni jina baya. Halisemi lolote isipokuwa "sana". Ni sawa na yale maneno ya jalada la nyuma, "kazi ya kipekee isiyo na mfano", ambayo ukiyaondoa hakuna kinachopungua. Na hapo penyewe ndipo wafugaji wanapovutana zaidi: kama Nyuklia ni chungwa la kawaida lililokolezwa kwa kuchagua, mstari kati ya Nyuklia na nyoka mwenye chungwa zuri tu uko wapi? Hakuna jeni moja ya kuonyesha kwa kidole. Kuna jicho la muuzaji na mwanga wa kamera yake.

Paradoksi ndilo jina bora katika katalogi nzima, na nilimpa maelezo bora kuliko wote. Ni jina la mtu anayekiri kwamba ameshindwa kueleza. Doa jeusi kwa asiye na weusi. Mara nyingi halirithiwi kwa hesabu yoyote ya kueleweka, kwa hiyo kwa kigezo chao wenyewe halipaswi hata kuwa kwenye orodha. Lakini lipo, na bei yake ipo juu. Ukali niliousifu hapo mwanzo hulegea pesa zinapoingia, nami siwezi kuwacheka. Ni mimi niliyeandika "nyoka asiyejirudia" kwa dola mbili.

Kuna kitu kingine kwenye katalogi ambacho sikukielewa hadi nilipofika maelezo ya ishirini na kitu. Ni nyoka wa kawaida kabisa kwa macho, ila bei yake si ya kawaida, na pembeni pameandikwa asilimia 66. Maana yake hii: wazazi wake wote wawili wanaonekana wa kawaida lakini kila mmoja amebeba jeni ya ualbino kimyakimya. Watoto wao wanaotoka albino wanajulikana. Wale wanaotoka kawaida, wawili kati ya kila watatu wanabeba jeni hiyo pia, lakini huwezi kujua ni yupi. Kwa hiyo wote wanauzwa kwa uwezekano. Unanunua nyoka asiye na tofauti na mwingine yeyote, pamoja na sentensi inayokuambia huenda ana kitu ndani. Ukimzalisha miaka ikapita bila kitu, huwezi hata kudai. Uliambiwa asilimia 66.

Nimesoma sentensi hiyo mara nyingi sana. Ndivyo walivyonipeleka chuo, nikifikiria vizuri. Kijiji kilichanga kwa asilimia 66.

Sasa Dodoma. Mofu hii imepewa jina la mkoa wa Tanzania ambako mababu wa nyoka hao walitoka. Mabaka yao hayakai mgongoni kama ya wale wa Kenya. Nilipofika hapo nilifurahi, nikasema angalau hapa najua kitu. Nikaandika kuhusu mji mkuu wa Tanzania uliokaa katikati ya nchi, ukame wake, mizabibu inayostawi humo ndani ya vumbi. Nilijiona nimetendea haki jina. Mteja alirudisha akiwa amefuta yote, na chini ameandika kwamba wanunuzi hawahitaji jiografia. Dodoma ni rangi.

Hasira yangu ya kwanza unaweza kuikisia. Niliandika rasimu ya makala haya usiku uleule, na ilikuwa makala nyingine: wazungu wamechukua, wazungu wamebadilisha majina, tumebaki na picha. Ungeisoma, ungepiga makofi, ungeisahau kabla ya chai. Sikuichapisha kwa sababu ilikuwa na tatizo. Ni nani aliyehifadhi jina la Dodoma? Kina Stull na Loveridge hawakulihifadhi. Mwaka 1932 mtaalamu wa Marekani, Olive Stull, aliwatenga nyoka wa upande wetu huu kama kikundi na kukipa jina la Arthur Loveridge, Mwingereza aliyewahi kutunza makumbusho ya Nairobi na kukusanya wanyama kote Tanganyika kabla ya kwenda Harvard. Jina la mzee huyo likabaki vitabuni miaka mingi, na leo wataalamu wengi hawakitambui tena kikundi chenyewe. Kabla yake, 1758, Linnaeus alimpa nyoka huyu jina la kisayansi kutokana na sampuli ya Misri, akamwita kwa Kilatini kitu kama "anayefanana na nyoka". Yaani nyoka anayefanana na nyoka. Mwandishi wa katalogi kama mimi angerudishiwa hiyo.

Kwa hiyo sayansi ilimpa jina la rafiki, na kabla ya hapo jina lisilosema kitu. Wafanyabiashara ndio waliobaki na risiti: huyu alitoka Dodoma. Mwaka 2016 Tanzania ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na hata kwetu huwezi kufuga au kuuza mnyama wa porini bila kibali cha KWS. Wale wa zamani ndio wamebaki kuzalishwa humo ndani ya masanduku ya plastiki, na jina limekuwa kamba pekee inayowafunga na mahali. Nikaona heri jina lililopotoka kuliko lililopotea.

Lakini swali lao wenyewe hawajalimaliza, na hapa ndipo nilipotamani mwalimu wangu wa mofolojia awepo. Kundi moja linasema Dodoma ni mahali, kwa hiyo Dodoma apandishwe na Dodoma tu, ukimchanganya umemwua. Lingine linasema ni mofu kama nyingine, mpandishe na albino, upate Dodoma albino, uongeze bei. Sawa. Mtoto wa mama mwenye damu ya Dodoma na baba mwenye damu ya Voi, aliyezaliwa kwenye kontena huko Florida, ni wa wapi?

Wewe unayesoma hii Umoja au Pipeline, umeulizwa swali hilo. Kwenu ni wapi? Si hapa, kwenu kabisa. Ukasema Nairobi, wakacheka. Mama yangu ni Mtaita, baba ni wa kwingine, nimekulia Kariobangi, na Kidawida changu nyanya hukisikiliza kwa subira kama mtu anayengoja mtoto amalize kufunga kiatu.

Jaribio langu la kwanza la kujibu lilikuwa alomofu. Si unakumbuka: mtu, mwalimu, muumba. M-, mw- na mu- ni maumbo matatu ya kitu kimoja, na kinacholeta tofauti ni jirani, yaani sauti inayofuata. Nikasema, Dodoma ni alomofu: nyoka yuleyule, mazingira tofauti. Niliipenda hoja hiyo siku mbili. Haisimami. Ukiitoa mw- mbele ya irabu inaacha kuwa mw-, lakini nyoka wa Dodoma ukimpeleka Florida bado ana mabaka ya Dodoma, na watoto wake pia. Mazingira yamebadilika, umbo limebaki. Siyo matope ya tembo, na siyo alomofu.

Kitu kinachofanana naye zaidi ni lafudhi. Lafudhi hutoka mahali, na ukihama unahama nayo. Watoto wako wanaipata nusu, au robo, au wanaipata katika neno moja tu wanapokasirika. Huwezi kuonyesha jeni yake moja kwa kidole, na huwezi kusema haipo. Ukisema Dodoma ni rangi, ni kama kusema lafudhi ya mtu wa Lamu ni sauti nzuri tu. Ni kweli ni nzuri, lakini umeacha Lamu nje. Wanaotaka kuitunza safi nao wananitia wasiwasi. Nimewahi kukaa na watu wanaotunza usafi wa lugha na sikubaki muda mrefu.

Haya yote si mageni kwetu Taita, tukubali. Ng'ambo, kwenye mlima wa Mbololo, kuna ua dogo la zambarau linalokua kwenye kivuli cha msitu, jamaa wa yale yaliyopatikana Usambara. Mwaka 1892 afisa Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka ya Usambara kwao; mwaka uliofuata yakapewa jina lake. Kufikia 1926 bustani moja ya Los Angeles ilikuwa inayazalisha kutokana na mbegu, na 1946 Wamarekani waliunda chama kizima cha kuyasajili. Leo yapo meupe, ya waridi, ya rangi mbili, maelfu. Nao wana Paradoksi wao: ua lenye mistari kama gurudumu la upepo ambalo ukipanda jani lake, mistari hairudi. Wafugaji wa maua wamebishana juu ya hilo kwa miaka mingi kuliko wa nyoka. Na la Mbololo liko palepale, zambarau tu, kwenye mabaki ya msitu.

Nisiwe wa kuonea huruma watu na kuacha wanyama. Kuna chatu mdogo wa Afrika Magharibi anayezalishwa kwa mofu kuliko nyoka wengine wote, na moja ya mofu zake, inayoitwa Buibui, inakuja na kasoro ya mishipa: kichwa kinayumba, kinapinduka, nyoka anashindwa kulenga chakula. Jeni ya rangi na ya kuyumba hazitengani. Mwaka 2018 chama kimoja cha Uingereza kilikataza kuuzwa kwake kwenye maonyesho yake. Bado anauzwa kwingine. Katalogi niliyoifanyia kazi haikuwa na Buibui. Nisingejua la kufanya kama ingekuwa naye, na napenda kufikiri ningekataa, lakini mwezi ule nilikuwa nadaiwa.

Kilichobaki ni mofu ya mwisho, iliyo chini kabisa ya orodha ya bei. Katalogi humwita wa kawaida. Chungwa, mabaka ya kahawia iliyokoza, tumbo jeupe. Kila duka linamweka mwisho na kumwandikia maneno machache: bora kwa anayeanza. Ndiye huyo wa hapa. Ndiye aliyempa jina la Kenya, na ndiye pekee ambaye hana jina.

Nilimwona Agosti. Mjomba wangu anajenga kwenye ploti yake njia ya kwenda Voi, na nilishuka kumsaidia kusimamia watu wakichimba msingi. Saa nne asubuhi mmoja akaruka nje ya mtaro akipiga kelele. Niliposogea nilimwona chini, mnene, mfupi, kichwa hakitofautiani sana na mkia, na rangi ile. Rangi ya udongo uliochimbwa, hasa; kama mtu amechukua udongo wa Voi akaupanga vizuri. Nilijua kila kitu kumhusu. Nilijua hana sumu, hazai mayai bali watoto wazima, jike ndiye mkubwa, na huyu kwa ukubwa wake alikuwa jike. Katika kupaniki nikapayuka jina lake lote kwa Kiingereza, kama lilivyo dukani.

Mjomba akanitazama. "Wa Kenya? Kwani hao wengine ni wa wapi?"

Watu wakacheka, na katikati ya kicheko jembe likashuka. Walisema ni bafe, mwingine akasema si bafe, ni ndumakuwili, yule wa vichwa viwili anayeuma mbele na nyuma. Nikawaza baadaye kwamba Kiswahili kilikuwa na jina kwa nyoka wa namna hii siku zote, jina la nyoka ambaye hujui aanzie wapi, na tumelitumia sana kwa wanasiasa mpaka tumemsahau nyoka. Nilimpiga picha. Kwenye simu bado yupo, vipande viwili, na mara nyingine namvuta karibu kwa vidole kutazama mabaka, nikijiuliza kama alibeba chochote. Haiwezekani kujua. Alikuwa na asilimia zake.

Jioni nilimwandikia mjomba ujumbe mrefu, kwa Kiswahili cha heshima, nikimweleza nyoka huyo ni nani, anakula panya, hana neno na mtu, wakimpata mwingine wamwache au wamhamishe kwa koleo. Aliusoma, tiki mbili za bluu, kimya. Nikajua nimekuwa yule mpwa aliyesoma.

Wiki mbili baadaye akapiga simu saa moja asubuhi, kukiwa bado na ukungu hapa.

"We kijana, kale kanyoka kako. Kamepatikana kengine. Nimekafunika na debe."

"Asante mjomba, usikafungue, nakuja. Ni ka rangi gani?"

Nilimsikia akisogea, na debe likikwaruza mchanga.

"Ka rangi ya nyoka," akasema.